Kampuni tanzu inawezaje kuvuna maarifa iliyo nayo bila kuacha kutafuta mapya?

Mkemia wa Rangi (Dar es Salaam) anauliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaongoza maabara ya kiwanda cha rangi ambacho ni kampuni tanzu ya kampuni kubwa ya Ulaya, na ningependa kupata mawazo ya watu waliowahi kufanya kazi katika mazingira ya namna hii. Sitaitaja kampuni, kwa kuwa ninachouliza hakihusu ubaya wa mtu bali jinsi kazi inavyopangwa.

Tuko watu sita maabara. Kila pipa linapochanganywa kiwandani, sampuli yake huletwa kwetu, nasi hupima mnato, muda wa kukauka na ulinganifu wa rangi, kisha tunalinganisha na fomula iliyotoka makao makuu. Kazi hiyo ndiyo inayotulipa mishahara, na siidharau hata kidogo. Fomula zile ni matunda ya utafiti wa miaka mingi ambao sisi peke yetu tusingeweza kuugharimia, na kadiri tunavyozizoea ndivyo upotevu wa malighafi unavyopungua.

Jambo linalonisumbua lilianzia Zanzibar. Mteja mmoja wa Mji Mkongwe alilalamika kuwa rangi yetu ya maji ilibanduka baada ya masika moja tu, nikaenda kuangalia mwenyewe. Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe yaliyojengewa chokaa, unene wake ukizidi dhiraa moja, na rangi yetu ilikuwa imetuna malengelenge kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Fundi mzee aliyekuwepo alipasua lengelenge moja kwa ukucha, ukamwagika unga mweupe. Aliniambia niuonje, nikaugusisha ulimini, ulikuwa chumvi. Kisha akanipeleka uani, ambako ukuta uleule ulikuwa umepakwa chokaa tupu, nao ulikuwa mzima. Alinieleza kwamba ukuta wa namna ile hunywa maji kutoka ardhini na ni lazima uyatoe. Ukiuziba kwa saruji au kwa rangi yenye plastiki, unyevu unakosa pa kutokea, na chumvi inayojikusanya nyuma ya rangi ndiyo inayoisukuma mpaka ikabanduka.

Niliporudi, mimi na wenzangu wawili tulianza kutengeneza rangi yenye asili ya chokaa, itakayoacha ukuta upumue lakini isiachie unga kwenye nguo za mtu anayeuegemea. Tuliifanya kazi hiyo siku za Jumamosi kwa miezi 11, tukapaka kuta nne za majaribio. Ndipo meneja wa kanda alipokagua matumizi yetu, akaona fungu lisilohusiana na bidhaa yoyote iliyomo katika orodha ya kampuni mama, akalifuta. Kigezo chetu cha kila robo mwaka ni idadi ya mapipa yaliyopita bila kurudiwa, na ni kweli kwamba katika miezi ile tulichelewesha sampuli kadhaa za kiwandani. Leo makopo matatu ya rangi ile yako chini ya meza yangu, na fundi yule bado hunipigia simu kuuliza itatoka lini.

Naomba kufahamishwa: je, kuna kampuni tanzu iliyofanikiwa kuyafanya yote mawili, yaani kuyatumia kikamilifu maarifa yaliyotoka makao makuu na wakati huohuo kutafuta maarifa yanayopatikana mahali ilipo tu? Na kama ipo, fedha zilitoka wapi, muda uligawanywa vipi, na nani alikuwa na kauli ya mwisho?

Muuza Vocha wa Zamani (Thika) anajibu:

Dada Mkemia, nakupa pole, na ninakushukuru kwa kueleza jambo hili kwa utulivu. Mfano ninaoufahamu zaidi ni wa M-Pesa. Wengi wanausimulia kama hadithi ya ushindi, lakini kwa swali lako sehemu yenye faida ni ile ya mwanzo, kabla ushindi haujaonekana. Nianze kwa kutahadharisha kwamba kwa hesabu ya hisa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya iliyoizindua huduma hiyo, haikuwa kampuni tanzu kamili: Vodafone ya Uingereza ilikuwa na takriban asilimia 40, na Serikali ya Kenya ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa. Hata hivyo uhusiano wa kikazi ulifanana sana na huo unaouishi wewe.

Swali lako la fedha lina jibu la wazi hapa. Wazo la kutumia simu katika huduma za fedha lilisukumwa na Nick Hughes, aliyekuwa makao makuu ya Vodafone, na lingepelekwa katika foleni ya kawaida ya kuomba mtaji lingeshindwa, kwa sababu lingepimwa sambamba na minara mipya na leseni mpya, miradi ambayo faida yake hukokotolewa kabla ya kuanza. Kilichoiokoa kazi ile ni fungu la Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, lililotoa karibu pauni milioni 1 kwa masharti kwamba Vodafone nayo ichangie. Fedha hizo hazikuwa nyingi kwa kampuni ya ukubwa ule. Nguvu yake ilikuwa kwamba hazikutoka katika mfuko uleule unaogombewa na kila mtu, wala hazikudai faida ya robo mwaka.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, yakihusisha mawakala wanane na wateja wasiofika 500, hapa kwetu Thika na katika baadhi ya maeneo ya Nairobi. Mimi sikuwa miongoni mwa mawakala hao, nilikuwa na kibanda cha kuuza vocha tu, lakini mtaa ulijua. Huduma yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya jambo moja: wateja wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, walipe marejesho yao kwa simu badala ya kubeba fedha taslimu kwenye mkutano wa kikundi. Taasisi ilipata taabu kulinganisha malipo hayo na vitabu vyake vya hesabu. Wateja, kwa upande wao, wakaanza kuitumia kwa namna ambayo hakuna aliyewafundisha. Mmoja aliweka fedha kabla ya kusafiri na kuzitoa afikako, akiogopa kuporwa njiani. Mwingine alimlipia mwenzake deni akarudishiwa baadaye. Wengine walilipana bei ya bidhaa au kuwanunulia ndugu zao muda wa maongezi.

Hapo ndipo ninapoomba ulinganishe na ukuta wako wa Zanzibar. Timu ya majaribio, iliyoongozwa na Susie Lonie wa Vodafone, ingeweza kabisa kuyaandika matumizi hayo kuwa ni makosa ya wateja na kurekebisha mfumo uwazuie. Walifanya kinyume chake: waliyaangalia, wakaona kwamba watu wanatumiana fedha, wakaiacha nyuma shughuli ya mikopo. Huduma ilipozinduliwa nchi nzima Machi 2007, ilisimama juu ya neno moja tu, kutuma pesa nyumbani, na kabla ya mwaka huo kwisha wateja walikuwa wamefika milioni 1.

Zingatia pia kwamba uzinduzi ule haukuwa ugunduzi mtupu. Safaricom ilikuwa na mtandao wa wauzaji wa vocha kila kona, na hayo ni maarifa ya zamani, yaliyokomaa, yaliyovunwa hadi tone la mwisho. Sisi wenye vibanda tulikwisha kuzoea kupokea fedha za watu na kutunza daftari. Kwa hivyo mimi sioni kwamba mpya na ya zamani yaligawana muda. Mapya yalionekana kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akiyaangalia ya zamani yanavyotumika kombo, na fedha za kumwezesha kuangalia zilitoka nje ya ratiba ya mavuno.

Mhasibu wa Kundi (Nairobi) anajibu:

Naomba niseme kwa niaba ya upande usiopendwa. Nimesimamia bajeti za kampuni tanzu kwa muda mrefu, na meneja wa kanda aliyefuta fungu lako huenda anazo nchi kumi zinazomwandikia barua inayofanana na yako. Kila nchi ina ukuta wake wa pekee. Akikubali zote, kampuni mama itabaki na fomula nyingi zisizouzwa, kila moja ikidai malighafi yake, cheti chake na ghala lake, na ile nafuu ya kununua kwa wingi, ambayo ndiyo sababu ya kuwa na kampuni mama, itatoweka.

Kwa hiyo, dada, sina shaka na rangi yako, ila nina swali kuhusu jinsi ulivyoiombea fedha. Je, uliwahi kumwandikia kabla hajaiona kwenye ukaguzi? Fungu linalogunduliwa na mkaguzi hufutwa hata likiwa na maana, kwa kuwa aliyeliona hakualikwa kulielewa. Je, umeweka kikomo, yaani kiasi ambacho ukikimaliza bila matokeo utaacha mwenyewe? Mtu wa fedha hukubali hasara anayoijua ukubwa wake. Asiyoijua mwisho wake hawezi kuitia saini.

Msambazaji (Mbeya) anajibu:

Nami niongeze upande mmoja ambao naona bado haujaguswa. Tumezungumza kana kwamba kuvuna maarifa yaliyopo ni kazi rahisi, na kwamba ugumu uko kwenye kutafuta mapya peke yake. Nilifanya kazi ya usambazaji wa huduma za fedha kwa simu katika mikoa ya kusini, na nilichokiona ni kwamba hata kunakili kunahitaji utafutaji.

Vodacom Tanzania ilizindua M-Pesa Aprili 2008, mwaka mmoja tu baada ya Kenya, ikiwa na jina lilelile, teknolojia ileile na Vodafone ileile nyuma yake. Kama maarifa yangekuwa kama mbegu unayoipanda popote ikaota, tungefanana. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa imefikisha wateja karibu milioni 2.7, nasi tulikuwa na takriban 280,000. Sababu zilikuwa pale mtaani, hazikuwa kwenye kompyuta. Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa mno ya soko lake, ilhali kwetu wateja waligawanyika kati ya kampuni kadhaa. Kenya karibu kila mtu mzima alikuwa na kitambulisho cha taifa. Kwetu vitambulisho hivyo havikuwepo bado, na wakala alilazimika kutambua barua ya mtendaji wa kijiji, kadi ya kupigia kura na nyaraka nyinginezo. Wauzaji wakubwa wa vocha, ambao kule ndio waliobeba mzigo wa uwakala, huku hawakufika vijijini kwa kiwango hicho.

Ilibidi kampuni ijifunze upya kwa miguu. Viwango vya ada vilibadilishwa ili mteja wa kwetu avielewe. Wakapatikana mawakala wakuu ambao kazi yao ilikuwa kuwatafuta mawakala wadogo, kuwafundisha na kuhakikisha hawaishiwi na salio wala fedha taslimu. Nakumbuka duka moja la njiani kuelekea Tukuyu: mwenye duka alikuwa na bango la huduma, simu, na daftari jipya kabisa, lakini wateja waliondoka mikono mitupu kwa wiki nzima, kwa sababu alikuwa amezitumia fedha za uwakala kununulia viazi. Hakuna mwongozo wa makao makuu ulioeleza la kufanya juu ya msimu wa viazi. Tulilazimika kulijua wenyewe, tukawa tunampelekea fedha taslimu kwa kufuata kalenda ya mavuno.

Afrika Kusini ni mfano mchungu zaidi. Vodacom iliingiza M-Pesa huko mwaka 2010 ikilenga wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu, na mwaka 2016 huduma ikafungwa. Watu wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, na njia za kutumiana fedha zilikuwepo. Maarifa yalikuwa yaleyale yaliyofaulu Kenya.

Na si kwamba anayefuata hubaki nyuma daima. Katika kuunganisha mitandao ili mteja wa kampuni moja amtumie wa kampuni nyingine, Tanzania ilitangulia: Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana mwaka 2014, Vodacom ikajiunga 2016, wakati Kenya ilifika hatua hiyo 2018. Kwetu hakukuwa na kampuni moja iliyoshika soko lote, kwa hiyo tatizo la kuunganisha lilitubana mapema zaidi.

Kwa hiyo, dada, usikubali wakuambie kwamba wewe unatafuta mapya na kiwanda kinavuna. Ulipokwenda Mji Mkongwe ulikwenda kuifanya fomula yao ifanye kazi mahali ambapo ilikuwa imeshindwa.

Mwalimu wa Menejimenti (Dodoma) anajibu:

Nimefurahi kuusoma mjadala huu, na ninaomba niuwekee msingi wa kinadharia kwa ufupi, kisha nitoe mfano wa mbali kidogo.

Mwaka 1991 James March wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwa nini taasisi huelekea upande wa mavuno hata pale viongozi wake wanapopenda uvumbuzi kwa dhati. Faida ya kutumia unachokijua huja haraka, karibu na kwa uhakika, na faida ya kutafuta usichokijua huchelewa na mara nyingi humwendea mtu mwingine kabisa katika taasisi. Kila unapofanikiwa kwa njia ya zamani unazidi kuimudu, na kadiri unavyoimudu ndivyo njia mpya inavyoonekana ghali, mpaka siku mazingira yanapobadilika. March hakusema kwamba mavuno ni mabaya, kwani anayetafuta tu bila kuvuna naye hubaki na gharama za majaribio na mawazo mengi ambayo hayakukomaa.

Kipengele ninachokiona kinamgusa zaidi Mkemia ni kingine. Katika mfano wa hesabu wa March, wanachama hujifunza kutoka kwa taasisi, na taasisi nayo hujifunza kutoka kwa wanachama. Ikitokea wanachama wote wakaiga kanuni za taasisi haraka mno, tofauti kati yao hutoweka kabla taasisi haijapata la kujifunza kwao, na maarifa ya wote husimama chini ya pale yalipoweza kufika. Tafsiri yake kwa kampuni tanzu ni nzito: kampuni tanzu inayotekeleza kila fomula kwa utiifu kamili siku ya kwanza huinyima kampuni mama kitu pekee ambacho haiwezi kukipata popote pengine.

Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa Fuji Xerox, iliyoanzishwa Japani mwaka 1962 kwa ubia wa nusu kwa nusu kati ya Rank Xerox, ambayo ilikuwa ubia wa Xerox ya Marekani huko Uingereza, na Fuji Photo Film. Ilianza kama muuzaji wa mashine kubwa za Xerox za kunakili nyaraka. Lakini ofisi za Kijapani zilikuwa finyu, na washindani wa nyumbani, Canon na Ricoh, walitengeneza mashine ndogo za bei nafuu; kwa hiyo wahandisi wa Fuji Xerox wakasisitiza kubuni mashine ndogo zao wenyewe ingawa huko Marekani wazo hilo halikuwa na mvuto. Mwaka 1978 walitoa mashine yao ya FX 3500, na mwaka 1980 walipata Tuzo ya Deming, ambayo Japani huitoa kwa walioongoza katika ubora. Wakati huohuo Xerox ilikuwa ikipoteza soko, na ilipopima kwa makini ikagundua kwamba Wajapani walikuwa wakiuza mashine kwa bei inayokaribia gharama ya Xerox yenyewe ya kutengeneza. Ikabidi mzazi aende kujifunza kwa mtoto.

Mpangilio wa umiliki ndio ulioiwezesha kufanya hivyo. Kwa kuwa nusu ya kampuni ilikuwa ya mbia wa Kijapani, hakuna aliyeweza kufuta fungu la wahandisi kwa saini moja kutoka ng'ambo. Kwa mfano wa Thika, fedha za nje zilifanya kazi hiyohiyo. Mkemia aliuliza ni nani aliyekuwa na kauli ya mwisho, na naona jibu la kweli ni kwamba katika visa vyote viwili hakukuwa na mtu mmoja aliyekuwa nayo.

Mkemia wa Rangi anarudi:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeyasoma majibu haya mara mbili, mara ya pili nikiwa maabara.

Kwa Mhasibu nakiri kosa: sikuandika lolote kwa meneja kabla ya ukaguzi. Nilihofia kukataliwa, na kwa hofu hiyo nikamnyima nafasi ya kukubali. Msambazaji naye amenionyesha kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu. Tuna daftari la malalamiko ambalo kila rangi inayorudishwa huandikwa: tarehe, mahali, aina ya rangi na neno moja la sababu. Jana jioni nililipitia lote, nikiweka alama ya penseli pembeni ya kila lalamiko lililotoka Zanzibar, Bagamoyo, Kilwa na Tanga. Mara nyingi sababu iliyoandikwa ni "fundi hakuandaa ukuta". Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo. Sasa nataka kuwapigia wateja hao simu mmoja mmoja niwaulize ukuta ni wa matofali ya saruji au wa mawe ya kale, kwa sababu gharama ya rangi tuliyowarejeshea imo tayari katika vitabu vyetu, na huenda inazidi kile nilichokitumia katika Jumamosi zangu.

Kuhusu mbia wa nje, Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na wapo wahifadhi wanaosisitiza chokaa kwenye majengo yale. Nitawafuata, si kwa kuomba fedha kwanza, bali kuomba kuta za majaribio na mtu wa kusoma vipimo pamoja nami. Swali moja limebaki: kigezo cha mapipa kitaendelea kunibana. Nifanye nini nacho?

Mhasibu wa Kundi anajibu:

Usiombe kiondolewe, hawatakubali, na mimi nisingekubali. Omba watu wawili kati ya sita watolewe katika hesabu ya kigezo hicho kwa siku moja ya juma, kwa miezi sita, wale wanne wabaki wakipimwa kama kawaida. Siku hiyo isiwe Jumamosi, maana kazi inayofanywa Jumamosi huhesabiwa kuwa ni hobi. Weka kiasi cha juu cha fedha kwenye ukurasa wa kwanza, na jedwali la malalamiko ya mwambao kwenye ukurasa wa pili. Na umwalike meneja Zanzibar mwezi wa sita, masika yakiwa yametoka kwisha, fundi yule akiwepo, ili naye aionje ile chumvi.